Hesabu Haikuja na Wakoloni
Juu ya kuhesabu, kupima, na lile kopo la sokoni

Kuna neno moja tumechoka kulisikia. Linasemwa mashuleni, ofisini, hata kwenye matanga, na wanaolisema si wageni. Ni watoto wa hapa kwetu, wenye diploma mkononi: "Hesabu ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu walihesabu mpaka vidole vikaisha, basi." Watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea.

Sisi hatucheki. Neno lile lina hasara. Mtoto akiisha kuamini kwamba hesabu ni kitu cha watu wengine, ataikariri sawa vile mtu anavyokariri wimbo wa lugha asiyoijua. Na mtu asiyejua kupima atapimiwa na wengine maisha yake yote. Ndiyo maana katika kitabu hiki cha mila na desturi tunaweka pia habari ya hesabu. Kuhesabu na kupima ni desturi, tena ni desturi ya zamani kuliko nyingi tunazozipigia ngoma.

Tuanze na mfupa wa Ishango, juu ni wetu. Ishango iko pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1950 mtaalamu mmoja Mbelgiji wa mambo ya mawe na udongo, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wa mnyama, urefu wake kama sentimita 10, wenye kijiwe kigumu kilichopachikwa kwenye ncha. Juu ya mfupa kuna alama zilizochanjwa kwa mafungu, katika mistari mitatu. Wataalamu leo wanaukadiria umri wa miaka kama 20,000. Unahifadhiwa Brussels.

Ndugu msomaji, chukua kalamu uhesabu nasi. Mstari mmoja una mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Mstari wa pili una 11, 21, 19 na 9. Mstari wa katikati una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha: wa kwanza unatoa 60, wa pili 60, wa katikati 48. Halafu tazama huo wa katikati: 3 inafuatwa na 6, yaani mara mbili yake, 4 inafuatwa na 8, tena mara mbili yake, 10 inafuatwa na 5, nusu yake. Katika mstari wa pili, 11 ni 10 na moja zaidi, 21 ni 20 na moja zaidi, 19 ni 20 kasoro moja, 9 ni 10 kasoro moja. Je, hizi ni alama za mtu aliyekuwa anakwaruza mfupa bule, akingoja samaki?

Hapa lakini tunapaswa kugeuka tuwakemee pia ndugu zetu wa upande wa pili. Wako wanaosimama mbele ya watu na kutangaza kwamba babu zetu wa Ishango walivumbua namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Juu ya nini? Juu 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ni kweli ziko hivyo. Lakini mwingine ataona pale 12 kasoro moja na 12 na moja zaidi, kisha 18 kasoro moja na 18 na moja zaidi. Mtafiti wa Marekani, Alexander Marshack, yeye aliona hesabu ya siku za mwezi wa mbinguni. De Heinzelin mwenyewe alifikiri ni kama mchezo wa hesabu. Mfupa hausemi. Tukiupa maneno ambayo haukuyasema, siku yatakapopingwa tutaaibika, na wale wenye kutudharau watasema: "Si tuliwaambia?" Kinachoonekana kinatosha: watu waliokaa kando ya ziwa letu walihesabu kwa mafungu, wakaweka hesabu yao mahali ambapo haisahauliki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mfupa ule ulikuwa daftari.

Sasa tuje kwenye daftari lingine ambalo halikupelekwa Ulaya: lugha tunayosema.

Tano kwa Kiswahili ni tano. Kwa Lingala ni mitano. Kwa Tshiluba na Kikongo ni tanu. Kumi kwetu ni kumi. Kwa Kikongo ni kumi. Kwa Tshiluba ni dikumi. Lugha za taifa zinakubaliana, na zilikubaliana kabla ya meli yoyote ya mgeni kufika pwani. Mtoto wa hapa kwetu akihesabu nyumbani, akifika baada ya kumi na tisa, anasema "makumi mbili", kisha "makumi tatu". Akifika shuleni anachekwa: "Sema ishirini! Sema thelathini! Hicho si Kiswahili safi." Hatuna ugomvi na ishirini. Ni neno lililoingia kutoka Kiarabu na wengi wanalitumia vizuri. Lakini "makumi mbili" ni ndugu wa "makumi abidi" ya Tshiluba na "makumole" ya Kikongo, na lina kitu ambacho ishirini haina: linafundisha.

Katika maandishi 23, tarakimu 2 haimaanishi mbili. Inamaanisha makumi mawili, juu ya mahali inapokaa. Hilo ndilo jambo la kwanza gumu katika hesabu ya shule, na watoto wengi wanakwama pale pale. Sasa sikiliza mtoto anayesema "makumi mbili na tatu". Amekwisha kulijua! Mdomo wake umelisema kabla mwalimu hajashika chaki. Nasi tunamwambia anyamaze, aanze upya kwa Kifaransa, ambamo themanini huitwa "ishirini nne". Wabelgiji wenyewe waliona Kifaransa cha Paris kinasumbua katika 70 na 90, wakashika septante na nonante, nasi tukazirithi kwao. Wao waliruhusiwa kuchagua neno lililo wazi. Mtoto wetu haruhusiwi?

Tena hii haiko ndoto yetu tu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kufundishia. Basi mwalimu anayecheka "makumi mbili" hatetei elimu. Anacheka chombo alichopewa.

Mpaka hapa tumesema kuhesabu. Kupima ni jambo lingine. Mbuzi unawahesabu, juu kila mmoja anasimama peke yake. Unga, maji, kitambaa na njia havisimami peke yake. Huwezi kuuliza "unga ngapi?" Lazima kwanza watu wapatane: tuukate kwa kiasi gani? Kopo? Bakuli? Kilo? Kwa hiyo kila kipimo, kabla ya kuwa chombo, ni mapatano.

Wanaotudharau wanasema: "Wazee walipima kwa mkono na hatua, na mikono ya watu haiko sawa." Kweli, haiko sawa. Dhiraa ya mtu mrefu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, inapita ya mtu mfupi. Lakini je, Ulaya walianza na nini? Na mwili vilevile! Wafaransa walipima kwa "mguu wa mfalme", na vipimo vilibadilika kutoka mji mpaka mji, mpaka wakulima wao wakalalamika. Ndipo mwaka 1791 wataalamu wao wakaamua kutafuta kipimo kisichokuwa cha mwili wa mtu: walichukua njia kutoka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta, wakaigawa sehemu milioni 10, wakaita sehemu moja metre. Watu wawili, Delambre na Méchain, walitumia miaka kutoka 1792 mpaka 1798 wakipima kipande cha njia hiyo kutoka Dunkerque mpaka Barcelona. Hata hivyo wakakosea kidogo: metre yao ilipungua kama sehemu mbili za kumi za milimetre. Na Wafaransa wenyewe hawakuikubali mbio. Ilibidi sheria iwalazimishe kuanzia mwaka 1840.

Na kilo? Tangu 1889 mpaka 2019, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha chuma cha thamani kilichofungiwa karibu na Paris. Kilo zote za dunia zilikuwa watoto wa kile kimoja. Mwaka 2019 kikaachwa, na kilo ikafungwa kwenye namba ya maumbile isiyobadilika, sawa vile metre ilivyofungwa kwenye mwendo wa nuru mwaka 1983. Ona basi: mwili, halafu chuma, halafu nuru. Ni safari moja ya kutafuta mapatano ambayo hakuna mtu anaweza kuyakunja. Wazee wetu walikuwa kwenye safari hiyo hiyo. Hawakuwa nje ya barabara.

Na hapa ndipo tunafika sokoni, mahali ambapo mila inatajwa vibaya kuliko kote.

Mkulima analeta maharagwe. Mnunuzi wa mjini anakuja na beseni lake mwenyewe, kubwa kidogo. Mkulima akinung'unika anaambiwa: "Ni desturi ya soko." Mjini, maharagwe yale yale yanauzwa kwa kopo ambalo chini yake limegongwa likaingia ndani, au ni dogo kidogo. Mama wa nyumba akinung'unika anajibiwa: "Mama, makopo yote iko moja. Ni desturi." Na anaongezewa matabishi, punje chache za kumfunga mdomo.

Tupime hilo neno "kidogo". Fikiri sanduku lenye upana wa punje 10, urefu 10 na kina 10. Linaingia punje 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Sasa lipunguze sehemu moja tu ya kumi kila upande, jicho lisione: 9 mara 9 mara 9 ni 729. Umepoteza zaidi ya robo! Ukinunua makopo manne ya namna hiyo, zaidi ya kopo zima halikufika nyumbani. Liongeze sasa sehemu moja ya kumi kila upande, kama lile beseni la kijijini: 11 mara 11 mara 11 ni 1,331. Mkulima ametoa karibu theluthi nzima bila malipo. Mwenye vyombo hivi viwili akinunua vipimo 100 kijijini, anauza 182 mjini, na hajapandisha bei hata franka moja. Ndiyo maana tunasema hesabu haiko mapambo ya wasomi. Katika 729 na 1,331 mnakaa karo ya mtoto wa mkulima na chakula cha jioni cha mama wa mjini.

Wengine watasema: basi tutupe makopo, tulete mizani, yaishe. Mizani ni nzuri, tunaitaka. Lakini kopo linapima nafasi, mizani inapima uzito, na kila kimoja kina udanganyifu wake. Kopo moja la unga na kopo moja la maharagwe havina uzito mmoja. Unga ukitikiswa unashuka, ukishindiliwa unaingia mwingi zaidi. Kwenye mizani nako, maharagwe yaliyoloweshwa yanakuuzia maji kwa bei ya chakula. Chombo pekee hakileti haki. Haki inaletwa na mapatano na watu wanaojua kuyakagua.

Tunajua pia kwamba Kiswahili chenyewe kimebeba vipimo. Kila mtu anasema "haba na haba hujaza kibaba", lakini wangapi wanakumbuka kwamba kibaba kilikuwa kipimo halisi cha nafaka kule pwani, na vibaba vinne vilifanya pishi moja? Methali ile inamtegemea kibaba asiyedanganya. Kibaba kilichogongwa chini kitajazwa na haba chache, na methali itageuka uongo.

Kwa hiyo tunasema wazi. Anayegonga kopo asijifiche nyuma ya mila. Mila ni mapatano ya watu wote, naye ameyavunja peke yake gizani. Viongozi wa soko waweke kopo moja na bakuli moja vya kielelezo, mahali pa wazi, na yeyote mwenye mashaka aende apime pale. Walimu wafundishe ujazo kwa maharagwe na makopo ya soko la karibu, kwa lugha ambayo mtoto anaota nayo. Wazee waulizwe, kabla hawajaondoka, walipima shamba, njia na mavuno kwa nini, na majibu yaandikwe. Na mfano wa mfupa wa Ishango uwekwe katika shule za Kivu, ili mtoto auguse na ahesabu mwenyewe: 3, 6, 4, 8. Mfupa wenyewe ulichukuliwa wakati ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyeulizwa. Kuuliza lini utarudi si matusi.

Na siku nyingine mtu akisema mbele yako kwamba hesabu ni mambo ya Wazungu, usigombane naye. Mpe kopo mbili na maharagwe, mwambie apime.