Umuganda Ujao, Wanaume Tupimwe Presha



Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mwanamke wa Rwanda anatarajiwa kuishi miaka 71.2, na mwanamume miaka 67.7. Katika sensa ya 2012, mwanamke alikuwa na 66.2 na mwanamume 62.6. Wote tumeongeza takriban miaka mitano ndani ya muongo mmoja, jambo la kujivunia. Lakini pengo kati yetu lilikuwa miaka 3.6, na sasa ni 3.5. Ni kama halikuguswa.

Wazee wa kiume ni wachache kuliko wa kike, na uchache huo una historia yake. Aliyetimiza miaka 65 mwaka 2024 alizaliwa 1959, mwaka ambao nyumba zilichomwa na familia nyingi zikakimbilia nchi jirani. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, alikuwa na miaka 35. Waliotutoka hatuwezi kuwarudisha. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo, yanayomnyemelea ni mengine, na mengi yanazuilika: presha, kisukari, pombe, sigara na ajali za barabarani.

Kwa nini basi mwanamume anaachwa nyuma? Mwanamke akiwa mjamzito anapimwa presha kliniki, na akimpeleka mtoto chanjo anakutana tena na muuguzi. Mwanamume hana mlango kama huo. Amelelewa kujikaza, na presha nayo haina maumivu ya kumwonya. Anapandisha gunia la viazi mlimani, jioni anakaa na wenzake kwenye urwagwa, pombe ya ndizi, huku mishipa ikiharibika taratibu. Wengine hufika kituo cha afya wakiwa wamebebwa.

Tusipoziba ufa huu, tutajenga ukuta. Na vifaa vya kuuziba tunavyo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na sheria inamtaka kila mkazi mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi 65, ashiriki. Ndio umri wenyewe tunaotaka wanaume wauvuke wakiwa salama. Kazi ikiisha, tunakaa mkutanoni. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ninaomba kila mudugudu, yaani kijiji, ukubaliane na kituo chake cha afya, muuguzi aje na mashine ya kupima presha. Meza moja na viti viwili vinatosha. Mtu apumzike kwanza, maana ametoka kushika jembe. Kisha mkanda ufungwe juu ya kiwiko, ujae hewa, ubane, ulegee, na namba mbili ziandikwe daftarini. Zikifika 140 kwa 90, apimwe tena siku nyingine, na zikibaki juu aanze matibabu. Kila mwenye miaka 35 na kuendelea apite, na viongozi wa mudugudu watangulie kukunja mikono ya mashati yao.

Kupima peke yake hakutoshi. Isibo ni nyumba chache zinazojuana, kwa hiyo aliyekutwa na presha asiachwe aende peke yake: jirani amsindikize, na wenzake wamkumbushe vidonge hata anapojisikia mzima. Asiyeweza kulipa mituweli, bima ya afya, tumchangie. Vyama vya ushirika vya waendesha pikipiki, wakulima wa chai na wa kahawa vitenge siku ya kupima wanachama wao. Wakazi wa Kigali, mnapotoka Jumapili isiyo na magari, pitieni kwenye vipimo vinavyotolewa hapo kabla ya kurudi nyumbani.

Na sisi wanaume tuambiane ukweli. Tukimwona mwenzetu amelewa, tumnyang'anye funguo za pikipiki. Akilalamika kifua kinambana, tusimwambie ajikaze. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu iko karibu. Mpigie kiongozi wa mudugudu wako leo, umuulize kama meza ya vipimo itakuwepo. Akisema haijapangwa, jitolee kuipanga naye.