Sindano ya Mgongo kwa Mtoto: Khofu Isitangulie Wajibu

Kila ifikapo Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, huzungumzwa sana kikohozi. Kisichotajwa vya kutosha ni kifua kikuu kinachoingia kwenye utando wa ubongo wa mtoto, ambaye huenda hata hakohoi. Wanaoshambuliwa zaidi ni walio chini ya miaka 5.

Huanza polepole: homa isiyokatika, kutapika, mtoto kuacha kucheza na uzito kutoongezeka. Baadaye shingo hukakamaa, macho hupinda, usingizi humzidi au degedege humshika. Hapo ndipo baadhi yetu husema ni shetani, na siku zinapita. Tafiti zinaonesha kwamba hata miongoni mwa wanaotibiwa, takriban mtoto 1 kati ya 5 hufariki, na zaidi ya nusu ya wanaonusurika hubaki na ulemavu. Dawa ikiwahi, matumaini huwa makubwa zaidi.

Kipimo muhimu ni maji ya uti wa mgongo, nacho ndicho wazazi wengi wanachokikataa kwa kuambiwa kwamba kinapoozesha. Ukweli ni kwamba sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale unapoishia mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo, na daktari humkagua mtoto kwanza. Mara nyingi kinachopoozesha ni maradhi yenyewe yaliyoachwa yakakomaa.

Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limependekeza maji hayo yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu ndani ya saa chache. Lakini vijidudu huwa vichache, hivyo jibu la kutoonekana si uthibitisho kwamba mtoto ni salama. Daktari anaweza kuanza dawa kwa kutazama dalili na kwa kuuliza: nani nyumbani ana kifua kikuu au anakohoa kwa muda mrefu? Tusifiche kwa kuona aibu; jibu hilo huenda likaokoa roho.

Upande wa sharia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah Mei 1992, liliamua kwamba matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kunapelekea mtu kufa, kupoteza kiungo au kulemaa. Likaongeza kwamba kukataa kwa walii hakuzingatiwi iwapo kuna madhara ya wazi kwa aliye chini yake, na kwamba katika dharura ya uhai matibabu hayasubiri idhini. Basi mama aliye hospitali na mtoto aliyezidiwa asiambiwe amngoje baba arudi dago.

Kisomo nacho kiendelee, pale pale kitandani. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba, na dua haigombani na dawa.

Tunawausia wazazi: mtoto apate chanjo ya BCG anapozaliwa. Mtu mzima nyumbani akigundulika na kifua kikuu, watoto wadogo wapelekwe kupimwa na kupewa dawa ya kinga. Na aliyeanza tiba aimalize, ijapokuwa kwa kawaida huchukua miezi 12. Watoto ni amana, na amana huulizwa.

Wallahu a'alam.