Atengenezaye Bia Aachiwe Njia ya Sokoni

Huku Rapsu, katika wadi ya Kinna, Kaunti ya Isiolo, bia si mada ya barazani. Wakazi wengi ni Waislamu, wafugaji na wakulima wa mashamba ya kunyunyiziwa maji. Hata hivyo, naona hapa ni mahali pafaapo kulitazama swali linalowakabili watengenezaji wadogo wa bia nchini: je, waifikishe bia yao wenyewe kwa wenye baa na mikahawa, au waiachie wasambazaji? Mkulima wa hapa anaijua kadhia hiyo kwa sura nyingine. Avunapo vitunguu, bei huitaja mwenye lori.

Swali hilo limepata uzito tangu Desemba 2024, sheria za kodi zilipofanyiwa marekebisho. Ushuru wa bia uliwekwa kwa kadiri ya kileo kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi, na shilingi 10 tu kwa kiwanda kidogo kinachojitegemea. Nafuu hiyo ni njema, lakini inaishia mlangoni pa kiwanda. Kutoka mlangoni hapo hadi mezani pa mnywaji kuna njia, na njia hiyo ina wenyewe.

Historia yetu inashuhudia. Mwaka 1998, kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda mjini Thika ili kushindana na Kenya Breweries. Mwaka 2002 kiwanda hicho kilifungwa baada ya wakubwa hao wawili kuafikiana. Ikiwa tajiri wa kiasi hicho hakudumu sokoni, sembuse mwenye mapipa machache?

Wala msambazaji naye si bwana wa njia hiyo. Kampuni ya Bia Tosha ilizozana na Kenya Breweries mahakamani kuanzia mwaka 2016 kuhusu maeneo ya usambazaji iliyodai kuwa imeyalipia. Kesi hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Februari 2023. Mimi sihukumu nani mwenye haki. Nauliza tu: msambazaji ambaye riziki yake yote hutoka kwa kampuni moja atathubutu kweli kuipa bia ngeni nafasi katika lori lake?

Yamkini msomaji atasema kuwa kumpa mtengenezaji ruhusa ya kusambaza ni kufungua mlango wa pombe haramu. Hofu hiyo ina msingi. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Wahenga nao walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa makini. Ubora wa bia hukaguliwa inapotengenezwa, na stempu ya ushuru hubandikwa kabla ya chupa kutoka kiwandani. Kubadilisha dereva wa lori hakuondoi ukaguzi huo. Isitoshe, mgema wa Pwani amekuwa akiuza tembo lake mwenyewe tangu jadi, na anayelitia maji hujulikana upesi kwa kuwa mnywaji anamjua kwa uso na kwa jina. Pombe inayoua aghalabu ni ile isiyojulikana ilikotoka.

Marekani inatupa funzo. Marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yalitenganisha mtengenezaji, msambazaji na muuzaji, ili kiwanda kisizimiliki baa. Baadaye majimbo kadhaa yaliwaruhusu watengenezaji wadogo wajisambazie bia yao kwa kiwango maalumu. Kinga iliyokusudiwa kumzuia mkubwa haikupaswa kumkaba mdogo.

Hivyo basi, napendekeza mambo mawili. Kwanza, kiwanda kidogo kiwe na haki ya kusambaza bia yake hadi kiwango kitakachowekwa na sheria. Kikizidi hapo, kipitie kwa msambazaji, naye asikose kazi. Pili, kwa kuwa leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, kaunti ziafikiane kuhusu kibali kimoja, ili mwenye kreti ishirini asilazimike kubisha hodi katika kila ofisi apitapo.

Gharama ya lori na jokofu ni kweli itawalemea wengi. Hapo wajifunze kwa akina mama wa Isiolo wauzao maziwa ya ngamia. Kupitia chama chao cha ushirika, huyakusanya, huyapoza na kuyasafirisha kwa basi hadi Nairobi. Hakuna aliyehitaji kununua basi. Walihitaji kuwa kitu kimoja.

Mtu anaweza kuichukia bia na bado akaitetea haki ya aliyetoa jasho kuipeleka bidhaa yake kwa mnunuzi. Ikikubaliwa kwa mwenye bia, itakuwa vigumu kumnyima mwenye vitunguu.