Eti uzoee maumivu ya koili?

Uliwekwa koili, mwezi ukafika, tumbo likakukaba hadi ukashindwa kwenda kazini. Uliambiwa nini? "Zoea tu, mwili utajipanga." Anasema muuguzi, anasema shangazi, anasema hata yule beshte yako ambaye hajawahi kuiona koili.

Kuna ukweli kidogo hapo. Koili ya shaba huongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza, kisha kwa wengi hupungua. Lakini nani alisema miezi hiyo yote uipitie ukijikunja kitandani na kikombe cha tangawizi?

Maumivu hayo huletwa sana na prostaglandini, kemikali za mwili zinazofanya mfuko wa uzazi ujikaze. Ibuprofeni huzipunguza, ndiyo maana mara nyingi husaidia kuliko parasetamoli ambayo wengi wetu hukimbilia. Na usingoje. Meza maumivu yakianza tu, si baada ya kulia masaa matatu. Miligramu 400 ukishakula, na usipitishe 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu, au unashuku una mimba, uliza kwanza kabla ya kuimeza. Chupa ya maji moto (si yanayochemka!) iliyofungwa kwa leso na kuwekwa tumboni nayo husaidia, kwa bei ya bure.

Kinachonikera ni kwamba ukirudi kliniki kulalamika, unaonekana msumbufu. Koili ya shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Utavumilia hadi lini? Ipo ya homoni, ambayo kwa wengi hupunguza damu na maumivu, lakini mara ngapi umeelezwa hivyo kabla ya kupanda kitandani? Na ukitaka itolewe, itolewe. Huhitaji kuthibitisha kwamba umeteseka vya kutosha.

Ila yapo maumivu ambayo si ya kumeza dawa na kulala. Ukiwa na homa, uchafu unaonuka, maumivu makali ya ghafla, hedhi iliyochelewa, au ukikosa kuupata uzi wa koili, panda matatu leo leo uende hospitali. Na mhudumu akianza ile "zoea" yake, mwambie akupime kwanza.