Tunamchonga Twiga Tusiyemjua

Mazishi yalikuwa ya mzee aliyekula chumvi nyingi, kwenye kilima kimoja cha Nyamira, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mahema matatu, spika mbili zenye kimo cha mtu, na mabasi mawili yaliyokesha njiani kutoka Nairobi. Mhubiri alimaliza habari za marehemu mapema, akabaki na dakika za kujaza. Ndipo akawageukia vijana wa mjini. Siku hizi, alisema, kuna watu wanaochoma mafuta ya gari na kulipa kiingilio ili wakamtazame nyani, na tangu dunia iumbwe nyani hajawahi kulipa ili amtazame mtu. "Mbuga ni za Wazungu," akahitimisha. "Sisi Mungu alitupa ndizi."

Mahema yote matatu yakaangua kicheko. Hema la wazee likaongeza Amina.

Mwandishi wa safu hii, aliyekuwa hema la kati na sahani ya wali magotini, hakucheka. Ndani ya simu yake mlikuwa na risiti ya watu watano kuingia Mbuga ya Taifa ya Ruma Jumapili iliyofuata. Alijihisi kama mtu aliyekutwa na chupa mfukoni katikati ya ibada.

Kauli ile si ya mhubiri peke yake. Ipeleke soko la Daraja Mbili, stendi ya matatu ya Keroka, au kikao cha chama huko Nyansiongo, utarudishiwa ileile kwa maneno mengine: mbuga ni za watalii, na mtalii ni Mzungu mwenye kofia pana na kamera yenye shingo ya twiga. Mwenyeji wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, akisema anawapeleka wanawe mbugani, jirani huuliza kwanza kama amepata kazi ya udereva huko.

Haya, tuanzie Tabaka.

Tabaka, kule South Mugirango, ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni lililolipa jina la Kisii umaarufu duniani. Wanaume hulitoa ardhini na kulichonga kwa panga na visu. Wanawake hukaa na mabeseni ya maji, wakilisugua kwa msasa mpaka ling'ae kama sahani mpya. Ndege wa amani wa mchongaji Elkana Ong'esa, mwana wa huko huko, amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini mkate wa kila siku wa Tabaka ni wanyama: tembo, kiboko, twiga, kifaru, wanaofungwa kwa magazeti na kupakiwa kwenye makasha ya kwenda Ulaya na Marekani. Mzungu hununua kifaru wa jiwe akamweka mezani kwake ili akumbuke yule wa nyama na damu aliyemwona Kenya. Muulize aliyemchonga kifaru huyo alimwona wapi. Atakuonyesha kifaru mwingine wa jiwe, aliyechongwa na babake. Ndiyo maana wengine wana masikio ya punda.

Kwa hiyo Mzungu anamjua mnyama, nasi tunamjua Mzungu anayemnunua mnyama. Hiyo ndiyo biashara yetu, na tumeridhika nayo.

Na kabla ya jiwe kulikuwa na ukoo. Ababasi ishara yao ni punda milia. Abanchari, kiboko. Wapo wa chui. Wazee waliowachagua wanyama hao hawakuwaona kwenye kalenda ya duka la jumla. Waliishi nao, wakawaheshimu kiasi cha kujitambulisha nao. Mfawidhi wa mazishi yale alikuwa amemtambulisha mhubiri kwa ukoo wake: Omobasi halisi, wa baba na babu. Mtoto wa punda milia alisimama kando ya kaburi, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba punda milia ni wa Wazungu. Hakuna aliyemshika koti. Ungedhani ukoo wake ulisajiliwa Uingereza.

Wenye kuitetea kauli hii hukimbilia historia, na historia kidogo iko upande wao. Mbuga ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilitangazwa Desemba 1946, na eneo la Mara lilianza kutengwa mwaka 1948. Enzi hizo Mwafrika aliingia kama mpishi, kama mbeba bunduki wa bwana, au kama mshtakiwa wa kuwinda pale alipowinda babake. Sawa. Lakini Ruma ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, wakati ambapo bendera ya mkoloni ilikuwa imekunjwa miaka mitatu, na ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Kabla ya hapo Bonde la Lambwe, iliko Ruma, lilivuma kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Kama kuna Mzungu aliyekuwa akipaota mahali pale kwa ajili ya likizo, alificha ndoto yake vizuri sana.

Na Ruma iko wapi? Toka Kisii mjini, pita Rongo, pita Rodi Kopany, ingia Homa Bay, kisha shika barabara ya Mbita. Hata dereva mwoga, anayesimama kununua ndizi mbivu anakotoka na samaki anakoenda, hamalizi saa tatu. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300, na watu wale wale wanaosema mbuga ni mbali huenda Nairobi kumsalimia binamu aliyehama nyumba bila kuwaambia.

Upande wa pili ni Mara. Wafanyabiashara wa Kisii huvuka hadi Kilgoris kutafuta ng'ombe na mahindi, wakarudi kulala kwao. Wangeendelea mbele, wakapita Lolgorian, wangefika ukingo wa Oloololo, na chini ya ukingo huo ndipo nyumbu wa Serengeti na Mara hutafuta malisho kila mwaka, kuanzia kama Julai hadi Oktoba. Likizo ya Agosti inaangukia katikati ya msimu huo kana kwamba Wizara ya Elimu iliwauliza nyumbu kwanza. Tangu mwaka 2024, mgeni wa nje hutozwa dola 200 kwa siku kuingia Mara kati ya Julai na Desemba. Anapanda ndege usiku kucha, analipa dola hizo, na anashukuru. Mkenya hulipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, kwa shilingi, na Mkenya wa Ogembo anakaribia kuusikia mlio wa nyumbu wenyewe. Anasema ni mbali.

Pingamizi linalopendwa kuliko yote ni simba. "Simba akila mtoto je?" Swali hili huulizwa na mtu mzima, kwa uso mkavu, aliyefika kwenye kikao ndani ya Probox ya abiria kumi na mmoja, wanne wakiwa kwenye buti pamoja na kuku, dereva akiendesha kwa kiwiko ili ahesabu chenji. Mtu huyo ameponea kifo mara mbili tangu asubuhi na hajamlaumu yeyote. Lakini simba, ambaye hajawahi kumwona, ndiye anayemnyima usingizi. Isitoshe, Ruma haikujijengea jina kwa simba. Jina lake ni korongo.

Huyu korongo si ndege. Ni swala mkubwa anayekaribia kimo cha farasi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, masikio marefu yenye shada nchani, uso umepakwa nyeusi na nyeupe kama kinyago. Katika Kenya nzima amebaki Ruma tu, na hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 haikufikisha ishirini. Ndani ya kilomita za mraba 120 za mbuga hiyo wapo pia vifaru waliohamishiwa huko, twiga, punda milia, nyati na taya, yule swala mdogo anayeruka kwenye nyasi kama aliyechomwa na siafu. Kila mwaka, karibu Aprili hadi Septemba, huja mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo aliye hatarini duniani, kutoka kusini mwa Afrika anakozaliana. Ndege asiyejaza kiganja anavuka nchi kadhaa kufika Lambwe. Baba mwenye gari, pale Suneka, anasema mafuta yamepanda.

Yamepanda, ndiyo. Lakini tuzungumze pesa kwa ukweli. Wapo wasio na nauli ya kufika hata Rongo; safu hii haiwasemi hao. Inawasema wale waliokuwa mahemani. Ada ya Mkenya kuingia Ruma huhesabiwa kwa mamia ya shilingi, si kwa maelfu, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima; ni bei ya kilo ya mbuzi wa kuchoma, naye mbuzi huyo huliwa hapa kila Jumapili bila kikao. Desemba 12, 2023, Kenya ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Serikali iliwafungulia Wakenya mbuga za taifa bure. Siku hiyo mwandishi aliwauliza jamaa zake kumi na wawili walio na magari walikokwenda. Walikwenda kula mbuzi.

Na mazishi! Mabasi mawili kutoka Nairobi, mahema, spika, mpiga picha wa video, wapishi wa kukodi, sare za kitambaa cha zambarau kwa wajukuu, na kundi la WhatsApp lenye mweka hazina mkali kuliko karani wa benki. Fedha hizo zote zilipatikana kwa siku tisa. Marehemu mwenyewe, katika miaka yake zaidi ya themanini, hakuwahi kupelekwa mahali popote pasipo na hospitali au kesi ya shamba. Tunajua kuchanga ili mtu azikwe vizuri. Kuchanga ili mzee amwone twiga akiwa hai, hilo tunaliita uzungu.

Halafu tukirudi nyumbani tunajifunika blanketi lenye picha ya chui mkubwa wa milia, mnyama wa Asia ambaye Afrika si kwao. Huyo hatumwogopi, wala hatumwiti wa Wazungu. Analala na watoto.

Watoto wenyewe tumewaachia walimu. Shule ikitangaza safari ya Nakuru, mzazi hulipa hata kwa kukopa, mwana akabanwa watatu kwenye kiti cha basi, akaona flamingo kwa dakika ishirini na foleni ya choo kwa dakika arobaini, akarudi usiku na kazi ya kuandika insha. Baba akimuuliza, "Mliona nini?" mtoto hujibu, "Wanyama." Baba hajui swali la pili, kwa sababu hajawahi kwenda.

Ipo sababu nyingine ambayo mhubiri, kwa kuwa anaishi juu ya kilima, angepaswa kuiona kabla ya wengine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu milioni 1.87 katika Kisii na Nyamira kwa pamoja. Ardhi imegawanywa ikagawanywa tena, robo ekari ikawa urithi wa ndugu watatu, na hakuna mbuga ya taifa hata moja ndani ya mipaka ya kaunti hizi mbili. Mtoto wa Marani hukua akijua ua la jirani upande huu na ua la jirani upande ule. Mahali ambapo macho yanaweza kwenda bila kugonga mabati ya mtu, hapajui. Mzungu ana mashamba ya kutazama kwao. Mwenye kuhitaji Lambwe ni sisi.

Mpango wenyewe hauhitaji kamati. Ada hulipwa kwa simu kabla ya kuondoka. Gari liwe na tairi za haki, na mvua ikinyesha liwe lile la kuvuta magurudumu yote manne, maana udongo mweusi wa bondeni hauna urafiki. Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri, wanyama wakiwa bado kwenye baridi. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, chai kwenye chupa, na mfuko wa kurudisha takataka. Anayetaka kulala, ndani ya mbuga kuna nyumba ya wageni ya Oribi ya kujipikia. Mwenye watoto wadogo wasiostahimili safari aende Kisumu, kwenye hifadhi ya Impala iliyo ufukweni mwa ziwa tangu mwaka 1992, atembee kwa miguu na kurudi kabla ya jioni.

Jumapili ile watu watano walikuwa mwandishi, mkewe, watoto wawili, na mama yake mwandishi, ambaye Ijumaa ya mazishi alikuwa hema la kwanza na alicheka kuwapita wote. Alikubali kuja kwa sharti la kupewa kiti cha mbele. Hadi Rodi Kopany alikuwa bado akirudia ule mzaha wa nyani.

Karibu saa mbili asubuhi twiga watatu walisimama kandokando ya njia. Mtoto mdogo, ambaye ana twiga wa Tabaka juu ya kabati la televisheni, alinyamaza muda mrefu. Kisha akaona donge likipanda kwenye shingo ya mmoja wao, polepole, kutoka chini hadi mdomoni. "Magokoro," akamwita bibi yake, "anacheua! Kama ng'ombe wako!" Bibi akainama, akatazama donge la pili likipanda, akasema kweli, kama ng'ombe.

Baada ya kona wakawakuta punda milia, kama ishirini, wanene, wakipunga mikia. Bibi huyu alizaliwa Bobasi. Aliteremsha kioo nusu, akajifunga leso vizuri kichwani, akawaambia "Bwakire" kwa sauti ya mtu aliyefika kwa jamaa asiowaona siku nyingi. Aliuliza nani huwalinda usiku. Aliuliza kama yule mdogo ni wa mwaka huu. Mwandishi alipowasha gari, bibi alimshika mkono, akamwambia aache kwanza, akafungua chupa ya chai.