Kabla ya kununua kadi, ipime kompyuta yako

Na Rehema Mbwana

Kijana akilalamika kwamba gemu linakwama kwenye kompyuta yake ya mtumba, ushauri anaoupata madukani ni mmoja tu: nunua kadi ya grafiki. Naupinga ushauri huo. Kadi ina faida yake, lakini ndiyo yenye bei kubwa kuliko vyote, na huenda tatizo haliko huko. Mwenye fedha kidogo anatakiwa kupima kwanza, kununua baadaye.

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzao. Ni mashine imara, ila ziliundwa kwa kazi za ofisi. Zikishughulikiwa kwa mpangilio, gemu nyingi zinachezeka.

Kupima hakugharimu hata senti. Cheza gemu kwa muda, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ya Windows itakuonyesha kilichozidiwa: prosesa, RAM, diski au kadi. Kilichozidiwa ndicho kinachostahili fedha zako.

Kisha fungua ubavu wa kompyuta, usafishe vumbi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwa joto la Dar es Salaam hali hiyo haichelewi. Pasti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na kipoza joto chake, hukauka baada ya miaka. Kuibadilisha ni kazi ndogo na ya bei nafuu.

RAM ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mashine nyingi huuzwa na kipande kimoja. Vipande viwili vinavyofanana huipa prosesa njia mbili za kuchota data kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta isiyo na kadi, ambayo grafiki zake hutumia RAM hiyohiyo, tofauti utaiona kwa macho. Hakikisha tu aina inalingana, kwani DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

SSD nayo ni ununuzi mzuri, lakini muuzaji asikudanganye. Ya SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, mara kadhaa ya diski ya kuzunguka, hivyo gemu litafunguka haraka. Idadi ya fremu kwa sekunde haitapanda sana.

Mipangilio ya gemu pia ni bure. Ukishuka kutoka 1080p hadi 720p, kadi inachora pikseli 921,600 badala ya 2,073,600. Punguza vivuli, na kama gemu lina FSR ya AMD, teknolojia ya kukuza picha iliyochorwa kwa pikseli chache, iwashe. Inafanya kazi hata kwenye kadi nyingi za zamani za Nvidia.

Ukimaliza yote hayo na kadi bado ndiyo inayozidiwa, hapo inunue. Nafasi yake kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa kuongezea umeme. GTX 1050 Ti isiyohitaji waya huo inafaa, ila kwa kasha jembamba tafuta ile fupi. Jihadhari na kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Ipime kwa programu ya GPU-Z kabla ya kulipa. Rahisi huvunja upishi.

Wauzaji, mruhusuni mteja aijaribu kadi kwa gemu halisi hapohapo dukani. Nanyi vijana, msikubali kulipia kadi ambayo hamjaiona ikifanya kazi. Duka linalokataa kifaa chake kijaribiwe halistahili fedha zenu.