Afisa mikopo mwenye mvi

Matangazo ya ajira katika utumishi wa umma Tanzania kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45, na baadhi ya waajiri binafsi hushusha kikomo hicho zaidi. Lakini umri wa kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60. Mwalimu au muuguzi anayegeukia kazi ya fedha akiwa na miaka 42 bado ana miaka 18 ya utumishi mbele yake. Mitihani ya uhasibu haijamfungia mlango: nchini Kenya, bodi ya mitihani ya KASNEB humsajili kusomea uhasibu wa CPA mwenye wastani wa C+ katika mtihani wa sekondari wa KCSE, bila kujali shule aliyotoka, na bodi ya wahasibu ya Tanzania, NBAA, nayo ina ngazi ya ATEC kwa waliomaliza kidato cha nne. Anayemzuia mtu mzima si mtahini bali mwandishi wa tangazo.

Sizungumzii fedha za ghorofani, za kununua na kuuza hatifungani. Huko jina la chuo bado lina nguvu. Nazungumzia uwanja ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya 2018 iliupanga katika madaraja manne, vikiwemo vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) na vikundi kama VICOBA. Humo mkopaji mara nyingi hana hati ya nyumba wala hesabu zilizokaguliwa. Afisa mikopo hulazimika kusoma daftari la genge, kutambua kwamba mzigo uliojaa dukani ni wa mali kauli, na kuhisi mdhamini yupi atazima simu marejesho yakikwama. Aliyeuza nafaka miaka 15 hatampangia mkulima wa mahindi marejesho ya kila wiki.

Wapo watakaosema kujuana huko na wakopaji ndiko huzaa upendeleo, kwani nani atamdai shemeji yake? Hoja ina uzito. Ndiyo maana mvi peke yake haitoshi: mitihani ifanywe, na aliyemtembelea mkopaji asiwe ndiye anayeidhinisha mkopo. Hoja kwamba mtu mzima hataiweza kompyuta hainitishi. Hao wanaoitwa wazito wa kujifunza teknolojia wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Ugumu wa kweli ni mshahara wa kuanzia, tena chini ya meneja wa miaka 29, huku ada za Januari zikisubiri. Afadhali asome akiwa bado kazini, na agombee kamati ya mikopo ya SACCOS yake, ambako wanachama wenzake wanamfahamu kwa namna anavyolipa madeni yake.